Kutoka Utumbo hadi Mfuko wa Chakula: Uchaguzi katika Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Mwaka 1954, madaktari wa Minnesota, Marekani, walieleza upasuaji ulioruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba ili chakula kisifyonzwe chote. Uzito ulipungua kweli. Lakini wagonjwa wengi walibaki na kuhara kusikokoma na mawe ya figo, na wengine ini lilishindwa kazi. Hatimaye njia hiyo iliachwa.

Mwaka 1966, Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alikigeukia chanzo kingine: aliugawa mfuko wa chakula, akabakiza kijifuko kidogo alichokiunganisha na utumbo. Kwa mtazamo wetu, hapo ndipo swali lilipohama kutoka uzito upungue kiasi gani hadi mwili utastahimili nini.

Upasuaji unaofanywa zaidi duniani leo, wa kuondoa sehemu kubwa ya mfuko na kuacha mrija mwembamba, haukubuniwa ujitegemee. Ulikuwa hatua ya kwanza kwa wagonjwa dhaifu wasioweza kuhimili upasuaji mrefu. Baadhi yao walipungua hata hatua ya pili isihitajike. Hata hivyo, mrija huo huweza kuzidisha kiungulia. Ndiyo maana mwenye kusumbuliwa sana nacho mara nyingi hushauriwa njia iliyotokana na ile ya Mason, ingawa nayo humdai vitamini na madini maisha yake yote.