A, C na D zilipokutana Mbeya

Ugonjwa unaoogopwa haukosi majina. Kagera, walikogundulika wagonjwa watatu wa kwanza nchini mwaka 1983, watu waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiingia kutoka Uganda. Mitaani ukaitwa ngoma, ukaitwa umeme, ukaitwa miwaya. Kuna walioichukua AIDS ya Kiingereza wakaifumua herufi kwa herufi: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Jina lililobaki ni UKIMWI.

Maabara nazo zilikuwa na ugomvi wao. Mwaka huohuo wa 1983, Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier wa Institut Pasteur, Paris, walikitenga kirusi chenyewe, nacho kikaja kuitwa LAV. Mwaka uliofuata Robert Gallo wa Marekani akakiita HTLV-III, akiamini ni ndugu wa virusi vingine viwili alivyovijua. Hapo palikuwa na sifa za kugombea, ndiyo, lakini jina la Gallo lilikuwa pia linadai ukoo. Na ukoo haukuwa ule. Kirusi hiki ni cha jamii ya lentivirusi, virusi vya mwendo wa polepole, ndiyo maana mtu hukaa nacho miaka bila kuugua. Mwaka 1986 kamati ya kimataifa ya majina ya virusi ikamaliza kesi: HIV. Sisi tukasema VVU.

Sasa tukifungue tukione. Upana wake ni kama nanomita 120. Panga zaidi ya 8,000 kwenye mstari ndipo upate milimita moja. Nje kina utando kilioupora kwenye seli ya binadamu, na juu yake zimechomoza protini za kukinasisha kwenye seli za kinga, zile za CD4. Ndani kuna gamba lenye umbo la koni, na ndani ya koni kuna nyuzi mbili za RNA, kila mmoja na herufi kama 9,700.

Shikilia hapo kwenye nyuzi mbili. Kikiingia kwenye seli, kirusi hunakili RNA yake kuwa DNA, na katika kunakili huruka kutoka uzi mmoja kwenda mwingine. Nyuzi zikifanana, hakuna kitu. Ila mtu akiambukizwa aina mbili, na zote zikaingia seli moja, kirusi kipya kinaweza kubeba uzi mmoja wa huku na mmoja wa kule. Kitakachozaliwa baada ya hapo ni chotara.

Wataalamu wamekigawa HIV-1 katika makundi M, N, O na P. Lililoenea duniani ni M, lenye aina A, B, C, D, F, G, H, J, K na L. Umeona E na I hazipo? Zilikuwepo. Ziliposomwa vizuri, kumbe ni michanganyiko, zikafutwa kwenye orodha.

Ukija kwenye ramani, kaskazini, Uganda na Kenya, zimetawala A na D. Kusini, Zambia na Malawi, ni C karibu tupu. Katikati yupo nani? Barabara ya TANZAM inatoka Dar es Salaam, inapita Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya, inatokea Tunduma. Reli ya TAZARA, iliyojengwa 1970 hadi 1975, nayo inapita Makambako na Mbeya. Zote zilijengwa ili Zambia ipate njia ya baharini bila kuwapigia magoti walowezi wa Rhodesia. Njia ya ukombozi, jamani, na ikapitisha abiria asiye na tiketi. Utafiti wa kitaifa wa 2011-12 ulikuta maambukizi ya asilimia 9.1 Iringa na 9.0 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.1.

Mwaka 2000 watafiti wa Mbeya, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Munich, waliandikisha wanawake wapatao 600 wanaofanya kazi kwenye baa na gesti kando ya barabara. Walipimwa kila baada ya miezi mitatu, kwa miaka. Mwanzoni tu, asilimia 68 walikuwa na VVU. Wengi zaidi yao, kuliko wananchi wengine wa Mbeya, walikuwa na aina mbili kwa pamoja. A, C na D zilikuwepo, na machotara wengi, kila mmoja na mpangilio wake.

Kuna kanuni hapa: chotara hapewi namba rasmi mpaka mpangilio uleule uonekane kwa watu watatu wasiohusiana. CRF10_CD, iliyopatikana kwa watoto wa Dar es Salaam, ilifuzu. Wengi wa Mbeya hawakufuzu. Wakabaki "wa kipekee".

Mhudumu wa baa tumezoea kumwita chanzo. Lakini damu yake inasoma tofauti: kipande kutoka kaskazini, kipande kutoka kusini, na yeye huenda hajawahi kufika Kampala wala Lusaka. Waliosafiri ni wateja, na wao hakuna aliyewapanga foleni kuwapima kila miezi mitatu.

Dawa za kufubaza VVU hazibagui herufi. Zinafanya kazi kwa A, C, D na machotara wao. Chanjo ndiyo imeshindikana. Jaribio la PrEPVacc, lililofanyika Mbeya na Dar es Salaam pamoja na Masaka na Durban, lilisitisha chanjo zake mwaka 2023 baada ya kuonekana hazitazuia maambukizi. Ikija itakayofaulu, itabidi iweze pia wale machotara wa barabarani wasio na namba. Tunawajua kwa sababu wanawake 600 walikubali kunyoosha mkono.