Bonde Lililopigwa Picha Bila Watu Wake

Mtu atazamapo picha ya milima na maji hudhani ameiona nchi yenyewe. Basi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za bonde la Yosemite, California, nchini Marekani.

Mwaka 1861 Carleton Watkins aliingia bondeni na nyumbu waliochukua kamera kubwa, hema ya giza, chupa za dawa, na vioo vya inchi 18 kwa 22. Siku zile atakaye picha kubwa ilimpasa awe na kioo kikubwa. Kioo kilipakwa kolodioni, kikatiwa katika maji ya fedha, kikapigwa picha kingali kibichi, kikarudishwa hemani mbio kabla hakijakauka. Dawa ile iliikubali mno rangi ya buluu, hata mbingu ikatoka nyeupe tupu, bila wingu. Na kwa kuwa kioo kilitaka mwanga kitambo, maporomoko ya maji yalitokea kama kitambaa kilichoanikwa.

Lakini si dawa iliyowaondoa watu. Mwaka 1851 askari wa kujitolea wa Mariposa waliwafukuza wenyeji waliomfuata mzee Tenaya, wakachoma vijiji na akiba yao ya matunda ya mialoni. Wenyewe waliliita bonde Ahwahnee. Jina Yosemite, lililopendekezwa na tabibu wa askari hao, latokana na neno la jirani zao lenye maana ya wauaji. Naye alidhani maana yake ni dubu! Baadhi ya wenyeji walirudi, nao walikuwako wakati wa Watkins. Katika picha zake zilizosifiwa sana hawamo.

Mwisho wa mwaka 1862 picha zilionyeshwa New York, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwaka, na watu waliochoshwa na habari za maiti wakaona nchi tulivu. Tarehe 30 Juni 1864 Rais Lincoln alitia sahihi sheria ya kulihifadhi bonde kwa matumizi ya watu wote. Neno hilo "wote" twaliona zito, maana wenyeji hawakuulizwa. Nyumba za mwisho za kijiji chao zilibomolewa mwaka 1969.

Watkins naye hakufaidi. Katika miaka ya 1870 vioo vyake vilichukuliwa kwa deni, na mwingine akazitoa picha kwa jina lake mwenyewe. Akaanza upya, Aprili 1906 moto uliofuata tetemeko la San Francisco ukateketeza kazi yake. Alikufa mwaka 1916 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, macho yake yakiwa karibu hayaoni.