Shahada ya Ushirika Isiyo ya Ushirika

Mtu wa Moshi akisikia "shahada ya ushirika", mawazo yake yatakwenda moja kwa moja kwenye Chuo Kikuu cha Ushirika kilichopo mjini kwake, kwenye vyama vya wakulima wa kahawa na ukaguzi wa vitabu vya SACCOS. Hatafikiria mashine ya eksirei. Lakini hivyo ndivyo nusu ya kwanza ya istilahi ya Wamarekani, associate degree in allied health, inavyoweza kutoka ikipitishwa kwenye kamusi mbiombio: associate ni mshirika, degree ni shahada, kazi imekwisha.

Shahada yenyewe haina mshirika wala ushirika. Ni ngazi ya kwanza ya shahada za chuo nchini Marekani, yenye krediti 60 hivi, miaka miwili kwa anayesoma muda wote. Hutolewa zaidi na vyuo vya jamii, ambavyo kikongwe chao, Joliet cha Illinois, kilianza mwaka 1901.

Mfasiri mwangalifu huandika stashahada, naye amekaribia. Nchini Tanzania stashahada ni ngazi ya 6 katika mfumo wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, juu ya astashahada na chini ya shahada. (Irabu moja tu mwanzoni mwa neno humshusha mtu cheo, msomaji wa matangazo ya kazi aweke miwani.) Tatizo ni kwamba stashahada ya afya ya Tanzania kwa kawaida huchukua miaka mitatu na humpokea aliyemaliza kidato cha nne. Ya Marekani humtaka aliyemaliza darasa la 12. Zikiitwa jina moja bila maelezo, mwajiri wa Dodoma na mwenzake wa Des Moines watadhani wanazungumzia cheti kimoja.

Nusu ya pili ya istilahi, allied health, haina ubishi mkubwa. Kiswahili kiliamua zamani, na uamuzi umo katika jina la Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Neno shirikishi lilizoeleka kwenye "mbinu shirikishi" za semina na mikutano ya vijiji. Limebebeshwa mzigo wa pili na limeuweza. Ndani yake zimo kada zinazofanya kazi bega kwa bega na madaktari na wauguzi: mteknolojia mionzi, mteknolojia maabara, mtoa tiba ya upumuaji, msaidizi wa fiziotherapia, mtaalamu wa usafi wa meno. Lakini kazini hakuna anayejitambulisha kama mwanasayansi shirikishi. Kila mtu hutaja kada yake.

Nusu hizi mbili zikikutana, ndipo pesa inapoingia.

Katika mwaka wa masomo 2023/24, ada ya wastani ya chuo cha jamii kwa mkazi wa eneo husika ilikuwa dola 3,990. Miaka miwili ni kama dola 8,000. Mwenye kipato cha chini anaweza kupata ruzuku ya serikali kuu, Pell Grant, ya hadi dola 7,395 kwa mwaka. Ada inalipika na chenji inabaki. Upande wa pili wa mizani, takwimu za Idara ya Kazi za Mei 2023 zinaonyesha mshahara wa kati, ule ambao nusu ya wafanyakazi wako juu yake na nusu chini yake. Kwa mteknolojia mionzi ulikuwa dola 73,410 kwa mwaka, mtoa tiba ya upumuaji 77,960, mtaalamu wa usafi wa meno 87,530. Wafanyakazi wote wa Marekani kwa jumla: 48,060.

Dola 8,000 kwa kazi ya dola 73,000. Nani angekataa?

Sasa mchukue Mkenya wa Minnesota au Mkongo wa Iowa anayehudumia wazee kwa kiasi cha dola 38,000 kwa mwaka. Mafunzo kwa vitendo hufanyika hospitalini, mara nyingi mchana kutwa, bila malipo. Akipunguza zamu zake nusu, amepoteza dola 19,000 kila mwaka. Wanauchumi huiita gharama ya fursa. Haionekani kwenye risiti yoyote, na hapa ni karibu mara tano ya ada. Isitoshe, "miaka miwili" huanza kuhesabiwa baada ya kozi tangulizi za anatomia, fiziolojia na hisabati, na nafasi za darasa ni chache kwa sababu hospitali haiwezi kupokea wanafunzi bila kikomo. Ikifika miaka mitatu, ada ni dola 12,000 na zamu zilizopotea 57,000: jumla 69,000. Nyongeza ya mshahara, dola 35,000 hivi kabla ya kodi, itazirudisha katika miaka miwili ya kazi. Bado ni biashara nzuri, ila si ile iliyotangazwa.

Kwa hiyo "shahada ya miaka miwili", jina linalovutia, lina ahadi lisiyoweza kuitimiza. Afadhali "stashahada ya Kimarekani", na krediti zitajwe pembeni, maana krediti hazibadiliki hata msomaji akichukua miaka minne.

Na kabla ya krediti ya kwanza kulipiwa, lipo neno jingine la kuulizia dirishani: ithibati. Tangu Januari 2015, ARRT, bodi inayowatahini wateknolojia mionzi, humtaka mtahiniwa awe na associate degree au zaidi, na awe amesoma katika programu inayotambuliwa nayo. Anayelipa mara kadhaa ya ada ya chuo cha jamii kwenye programu isiyotambuliwa atapata cheti cha kutundika sebuleni, na mlango wa chumba cha mtihani utabaki umefungwa.