Wimbo Ulioandikiwa Mama

Tangu kwaya yetu ianze hakuna wimbo tulioimba kwenye matanga kama "Yesu Kwetu ni Rafiki". Aliyetunga maneno yake ya asili ni Joseph Scriven, mzaliwa wa Ireland, mwaka 1819. Inasimuliwa kuwa mchumba wake alikufa maji harusi ikiwa kesho yake. Akahamia Kanada, akachumbia tena, na huyo naye akafariki mwaka 1860. Hakuoa kamwe. Shairi lenyewe alilitunga 1855 kumfariji mamake aliyebaki mbali Ireland, wala si kwa ajili ya kwaya (sisi tumelidandia tu!). Tuni ilitiwa na Charles Converse wa Marekani mwaka 1868.

Twayakumbuka haya kwa sababu mwenzetu mmoja wa sauti ya pili aliacha mazoezi baada ya kusengenywa, tena na sisi wenyewe. Tulichelewa miezi minne kumtembelea. Hakutaka maelezo yetu. Alisema tuimbe huo. Tulipofika ubeti wa tatu, ule wa anayedharauliwa, wengi wetu sauti zilikatika. Yeye ndiye aliyeumaliza.