Etiolesheni: mche uliokosa mwanga unaitwaje?

Leo naleta neno moja tu, ambalo wengi tulikutana nalo kwenye baiolojia sekondari, tukalikariri kwa ajili ya mtihani, likaishia humo humo: ETIOLESHENI.

Maana yake ni hali ya mmea kukulia gizani au penye mwanga hafifu. Shina linarefuka haraka, jembamba na laini, majani yanabaki madogo, na rangi inakuwa njano iliyopauka au nyeupe kabisa, kwa sababu mimea ya maua inahitaji mwanga ili itengeneze klorofili, yaani ule ukijani wake. Kiazi mviringo kilichosahaulika kabatini kinatoa machipukizi marefu meupe, si ndiyo? Basi ndiyo hayo.

Neno lenyewe asili yake ni Kifaransa, "étioler". Wataalamu wa maneno wanalihusisha na "éteule", mabua yanayobaki shambani baada ya kuvuna nafaka, nalo linatokana na Kilatini "stipula". Ukiuangalia mche wenyewe, mwembamba umepauka, utaona walifananisha na nini.

Sasa kwa nini nimeling'ang'ania? Kwa sababu mtaani mche wowote wenye hali mbaya tunasema "umedumaa". Jamani, kudumaa ni kubaki mfupi! Huu wenyewe unakimbilia juu kutafuta mwanga. Na tofauti hiyo ni hela. Mtu akidhani miche yake ya nyanya ina njaa, anakimbilia dukani kununua yurea. Miche inazidi kuwa laini, akiihamishia shambani inalala chini, msimu umekwenda. Wakati dawa ilikuwa bure: usisonganishe mbegu, na miche ikishaota punguza kivuli cha kitalu kidogo kidogo. Mche ukipata mwanga unarudi kijani, ila shina lililokwisha kurefuka halirudi kuwa fupi, kwa hiyo wahi mapema.

Wapo wanaoifanya makusudi. Ujerumani wanafukia asparagasi kwa udongo ili ichipue nyeupe na laini, na ni mboga ya bei.

Mimi naona Kiswahili kinahitaji neno lake hapa, fupi, ambalo mkulima atalishika bila kamusi. Huko kwenu mche wa namna hii wazee wanauitaje? Tumwageni maneno hapo chini.