Nani Alilala Msituni: Treetops na Mugumo wa Nyandarua

Neno safari, ambalo kwa Mswahili ni mwendo wowote wa kutoka mahali hadi mahali, uwe wa kwenda mji wa jirani au wa kwenda Hija, lilichukuliwa na wageni wa Kizungu katika karne ya 19 na kupewa maana finyu ya msafara wa kuwinda wanyamapori, kisha ya kuwatazama tu. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani aliyeingia Afrika Mashariki mwaka 1909, bado alisafiri kwa maana hiyo ya uwindaji, kwa kuwa alifuatwa na mamia ya wapagazi, na yeye na mwanawe Kermit waliua zaidi ya wanyama 500. Miongo miwili tu baadaye, katika msitu ulio juu ya mji wa Nyeri nchini Kenya, ilianza safari ya namna nyingine, ambayo ndani yake mgeni hakwenda popote: alipanda mti, akaketi, akanyamaza, akawangoja wanyama waje kwake.

Treetops, jina lenye maana ya vilele vya miti, ilifunguliwa mwaka 1932 na Eric Sherbrooke Walker, Mwingereza aliyewahi kuwa katibu wa Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, pamoja na mkewe, Lady Bettie, ambao tayari walimiliki hoteli ya Outspan mjini Nyeri. Banda la kwanza lilikuwa la mbao, lenye vyumba viwili tu, likiwa limeshikizwa kwenye matawi ya mugumo mkubwa uliosimama kando ya lambo lenye ardhi ya chumvi, yaani udongo ambao tembo, nyati, vifaru na pongo huja kuulamba ili wapate madini yanayokosekana katika malisho yao. Wageni waliletwa hadi ukingo wa msitu, wakamalizia njia kwa miguu wakiongozwa na mwindaji mwenye bunduki, ambaye kazi yake sasa haikuwa kuua bali kuwafikisha salama kwenye ngazi. Wakisha kupanda, sheria ya nyumba ilikuwa kimya, kwa sababu mnyama anayekuja kunywa maji usiku hukimbizwa na kikohozi kimoja tu.

Mti wenyewe unastahili kuelezwa kwa kirefu kuliko ambavyo vitabu vya watalii vimewahi kuueleza. Mugumo ni wa jamii ya mikuyu, na mara nyingi huanza maisha yake juu ya mti mwingine, mbegu yake ikiwa imeangushwa na ndege, kisha huteremsha mizizi hadi ardhini na kuukumbatia mti uliouhifadhi mpaka huo wa kwanza ufe na mugumo ubaki umesimama peke yake. Kwa Wakikuyu haukuwa mti wa kukatwa ovyo, kwa kuwa chini ya migumo iliyotengwa wazee walichinja kondoo na kumwomba Ngai, yaani Mungu, mikono ikiwa imeinuliwa kuelekea Kirinyaga, mlima ambao ramani huuita Mlima Kenya. Si kila mugumo ulikuwa wa ibada, lakini kila Mkikuyu aliyepita chini yake alijua ni mti wa aina gani. Safu ya milima yenye msitu huo wenyeji waliiita Nyandarua, kwa kuifananisha na ngozi iliyoanikwa ikauke, kabla ya mpelelezi Joseph Thomson kuipa mwaka 1884 jina la Lord Aberdare, aliyekuwa mkuu wa chama cha kijiografia cha Uingereza. Serikali ya kikoloni iliutwaa msitu huo kuwa mali yake, ikaweka vibali na faini kwa wachungaji, warina asali na wakata miti, na mwaka 1950 sehemu yake ya juu ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Kwa hiyo swali la nani aruhusiwe kukaa msituni usiku lilikuwa limekwisha kujibiwa kabla ya wageni mashuhuri kuwasili.

Wageni hao walikuwa Binti Mfalme Elizabeth, mwenye umri wa miaka 25, na mumewe Philip, waliokuwa wakipita Kenya kuelekea Australia na New Zealand kwa niaba ya Mfalme George wa Sita aliyekuwa mgonjwa. Walifikia Sagana, katika nyumba ambayo koloni lilikuwa limewapa kama zawadi ya harusi, na alasiri ya tarehe 5 Februari 1952 wakapanda ngazi ya Treetops, iliyokuwa imepanuliwa kwa ajili yao. Pamoja nao alikuwepo Jim Corbett, mwindaji wa chui-milia wa India aliyehamia Nyeri uzeeni, ambaye akiwa na miaka 76 alikesha akilinda. Binti Mfalme alipiga picha za sinema za tembo mchana ulipokuwa haujaisha, na usiku vifaru walikuja kwenye chumvi. Katika saa hizo hizo mfalme alifariki usingizini huko Sandringham, Uingereza, wala hakuna aliyekuwa juu ya mti aliyejua. Asubuhi wawili hao walishuka na kurudi Sagana, ambako Philip ndiye aliyempa mkewe habari ya msiba, na siku hiyo hiyo wakaruka kutoka Nanyuki hadi Entebbe, kisha London. Corbett aliandika katika daftari la wageni kuhusu msichana aliyepanda akiwa binti wa mfalme na kushuka akiwa malkia, na maandishi hayo yakalipa banda la mbao umaarufu ambao hakuna tangazo lingeununua.

Umaarufu huo, hata hivyo, umefunika sehemu ya historia iliyo nzito zaidi. Hali ya hatari ilitangazwa na serikali ya kikoloni tarehe 20 Oktoba 1952, miezi minane tu baada ya usiku ule, na mwaka 1953 misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikatangazwa kuwa eneo la marufuku, maana yake mtu yeyote aliyeonekana humo angeweza kupigwa risasi papo hapo. Wapiganaji wa Mau Mau, ambao kwao ardhi iliyotwaliwa ndiyo iliyokuwa kiini cha vita dhidi ya ukoloni, walilala chini ya miti ile ile kwa miaka, katika baridi na mvua, huku ndege za Uingereza zikidondosha mabomu. Tarehe 27 Mei 1954 Treetops iliteketezwa kwa moto, na mugumo ukaungua pamoja nayo. Tukio hili halieleweki vizuri likiitwa uharibifu tu, kwani banda lile lilikuwa mahali msituni ambapo usingizi wa wageni ulikuwa halali.

Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Nyandarua, alikamatwa karibu na Nyeri mwezi Oktoba 1956 na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957. Mwaka huo huo Treetops ilijengwa upya, ikiwa kubwa zaidi, juu ya nguzo, ng'ambo ya lambo lile lile. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, namna ya Walker ya kukaa na kungoja ikawa ndiyo safari yenyewe machoni mwa watalii wengi, na Malkia alipoirudia nyumba hiyo mwaka 1983 ilikuwa kubwa kupita kiasi ukilinganisha na vile vyumba viwili vya mwanzo. Katika upande wa Nyeri wa msitu huo wenyeji bado huonyesha mugumo mwingine, ambao huitwa posta ya Kimathi, kwa sababu wapiganaji waliacha barua zao ndani ya shina lake, wenzao wakaja kuzichukua usiku.