Bata, baridi na mikunga kwenye bomba

Jumamosi, badala ya kulala, nilijikuta kwenye baridi kali, darubini ya kuazima shingoni, naangalia ndege. Aliyeniponza ni mshkaji wangu wa darasani. Aliniambia tunaenda bwawani, kumbe ni mabwawa kumi ya maji ya kunywa ya London, huku Walthamstow.

Ndege wapo, tena wengi. Majira haya bata hushuka kutoka kaskazini ambako maji yameganda. Niliona bata weusi wenye kishungi, kibisi wakipiga mbizi, na mnandi kibao kwenye miti ya kisiwani. Vidole vikafa ganzi, nikaacha kuhesabu.

Sasa mnanijua na historia yangu. Nikataka kujua nani alichimba.

Kazi ilianza 1853, chini ya kampuni ya East London Waterworks. Mwaka mmoja kabla, Bunge lilipitisha sheria kwamba maji ya majumbani lazima yachujwe. Safi kabisa, kwenye karatasi. Mwaka 1866 kipindupindu kikaingia na kuua watu zaidi ya 5,000 London, wengi mno wakiwa wa mashariki, mitaa ya walalahoi ambayo mfumo mpya wa majitaka ulikuwa haujaifikia.

Mzee mmoja wa takwimu, William Farr, alipanga vifo kwa kufuata kampuni iliyouza maji. Vikarundikana kwa hao hao jamaa. (Zamani Farr mwenyewe aliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu, kwa hiyo hapa nampa heko mara mbili.) Mhandisi wa kampuni akaandika kwenye gazeti la The Times, akakana katakata: maji yetu yote yamechujwa. Basi wateja wakakuta mikunga kwenye mabomba yao! Jamani, mkunga anapitaje kwenye mchujo? Uchunguzi ukaonyesha kwamba maji yalitoka pia kwenye bwawa la wazi la Old Ford, pembeni ya mto uliojaa uchafu.

Hapo nikaacha kucheka. Mwaka 2015, kipindupindu kilipoingia Dar, mdogo wangu alilazwa siku nne. Mama alikuwa ameshamuuliza muuza maji kama ni salama. Akaapa ni ya kisima kirefu.

Mdogo wangu alipona. Juzi nilimtumia picha ya bata, akaniuliza kama wanaliwa.